Jinsi ya Kuangusha Ghorofa Bila Kutumia Nyundo

Mwanafunzi wa ujenzi aliyetumwa Nambale kwa mafunzo ya nyanjani ana bahati yake. Mji unatanuka kandokando ya barabara ya Busia, kila mwenye ploti anataka ghorofa, na mwalimu wako yuko mbali. Fuata mwongozo huu, na jengo lako litasikika redioni kabla hujapata cheti.

Anza na udongo, yaani usianze nao. Kuchimba shimo la majaribio ni kazi ya wasio na shughuli. Penye mwinuko ukikuta moramu nyekundu, sema, "Hapa pagumu." Bondeni, ukikuta ule udongo mweusi unaong'ang'ania gambuti, sema vilevile. Udongo huo hunywa mvua za Machi hadi Mei ukavimba, kisha kiangazi hunywea na kupasuka nyufa za kummeza kifaranga. Uukalishie msingi wa futi mbili, nao utakuinulia kona moja ya nyumba masika na kuishusha Januari, bila jeki na bila malipo.

Sasa zege, ambako ndiko kipaji huonekana. Mfuko wa saruji wa kilo 50 huchukua takriban lita 25 za maji: mtungi mmoja wa manjano wa lita 20 na robo ya mwingine. Kama mchanga umetoka mtoni jana, punguza tena, maana umekuja na maji yake. Hayo ni ya darasani. Vijana wa beleshi wana hesabu yao: zege gumu huvunja mgongo, la uji hujipeleka lenyewe. Jua likifika utosini mmoja atasimama, ajifute jasho kwa kiwiko, aite, "Mama, ongeza maji!" Na mama wa maji, anayelipwa kwa mtungi, haoni sababu ya kubisha.

"Fundi, maji si yamezidi?" utauliza.

"Injinia," atakujibu kwa heshima inayowasha, "wewe umejenga nyumba ngapi?"

Nyamaza hapo hapo. Saruji itachukua maji inayohitaji ili igande, kama robo ya uzito wake. Mengine husaidia tu zege lilainike kufanyika kazi, kisha hukauka na kuacha vitundu usivyoviona. Kadiri vitundu vinavyozidi, ndivyo nguvu inavyopungua. Lakini uso wake utang'aa, na mwenye nyumba hununua uso.

Likishamwagwa, liache lijipe moyo. Kulimwagilia angalau siku 7 ni upotevu wa mitungi, na kungojea siku ya 28, ambapo nguvu ya zege hupimwa, ni kupoteza kodi ya mwezi mzima. Ng'oa miti ya kuegemeza Jumamosi. Mwenyewe anaidai, ana mjengo mwingine Malaba. Maabara ikitaka vile vibonge vya milimita 150 vya kupondwa, vifinyange pembeni kwa saruji maradufu. Watapima vibonge, hawatapima jengo.

Nondo zinataka ufundi zaidi. Zege ukiliminya hubeba, ukilivuta hukatika: likivutwa huhimili takriban sehemu moja ya kumi tu ya mzigo linaouweza likiminywa. Mhimili uliolazwa juu ya nguzo mbili hubonyea katikati na tumbo lake huvutwa, kwa hiyo nondo nene hukaa tumboni. Roshani inayochomoza nje bila nguzo mbele huvutwa mgongoni, kwa hiyo zake hukaa juu. Wewe usibague, zote laza chini. Au tumia njia ya kistaarabu: zipange juu kama mchoro unavyotaka, mkaguzi apige picha, kisha ruhusu wilbaro zipite juu yake asubuhi nzima. Ikifika saa sita zitakuwa zimejilalia chini zenyewe, na huna wa kumshtaki. Katika hila zote za mjengo, hii ndiyo ninayoivulia kofia.

Ringi za nguzo tandaza mbalimbali. Kazi yake ni kuzizuia nondo zisipindike nje mzigo ukizidi, na wewe hukusudii mzigo uzidi. Ila mwenye ploti anakusudia. Mchoro ulisema ghorofa mbili. Bei ya miwa ikipanda atataka ya tatu. Sakafu ya zege ya milimita 150 ina uzito wa kilo 360 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo chumba cha mita 4 kwa 5 ni zaidi ya tani 7. Vyumba vinane ni lori zima la foleni ya Malaba, maana sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 56. Mwambie ndiyo, Mzee, nguzo zitabeba. Jengo la ghorofa sita lililoanguka Huruma, Nairobi, usiku wa Aprili 29, 2016, na kuua watu karibu 50, nalo liliambiwa litabeba.

Usisahau kukaguliwa na mkubwa. Mfano mzuri uko katika kaunti hii hii ya Busia. Daraja la Sigiri juu ya Nzoia, kule Budalang'i, la takriban shilingi bilioni 1.2, lilikaguliwa na Rais Uhuru Kenyatta katikati ya Juni 2017. Juni 26 sehemu ya katikati ikaenda majini, lingali linajengwa, na wafanyakazi wakaumia. Vitabu vinasema daraja huwa dhaifu zaidi kabla halijakamilika, hivyo mhandisi hukokotoa kila hatua ya ujenzi: zege lipi limwagwe kwanza, nini kishikilie nini usiku wa leo. Wewe kokotoa siku ya kukata utepe tu.

Ubao wa mjengo, wenye jina la mhandisi na namba ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, uandikwe vizuri. Mhandisi mwenyewe si lazima afike.

Wapangaji wakishaingia, utaona nyufa zikitoka pembe za madirisha na kupanda kwa ulalo. Hizo ndizo barua za msingi unaozama upande mmoja. Piga plasta. Zikirudi, tafuta kampuni ikupakie jengo zima rangi ya tangazo. Mpangaji wa chini akilalamika kwamba mlango wake haufungiki tena, mruhusu alete seremala aurande, kwa gharama yake.