Funga Ipi?

Mimi hapa Kawajense nimerithi vitu vitatu: baiskeli isiyo na breki, jina la babu, na madeni ya babu. Jina ndilo linaloniponza. Anayemdai marehemu akilisikia, anajua pa kuanzia. Reli ya kutoka Kaliua nayo inaishia Mpanda hapa hapa, kwa hiyo hata pa kukimbilia mbele sina. Mtu akinisifia urithi, namtazama tu.

Ningejihadhari basi nilipomwandikia jirani programu ya mapato ya bodaboda zake. Niliandika kwa Perl, lugha aliyoitoa Larry Wall mwaka 1987. Vijana wanacheka, eti lugha ya wazee. Wacheke, nami si kijana. Nikaunda klasi ya Bodaboda, nikaipa wazazi wawili wa kuwarithi: Pikipiki na Biashara. Pikipiki ina methodi ya funga, yaani tia gurudumu kufuli. Biashara nayo ina funga, yaani funga hesabu za siku.

Jioni jirani akabonyeza funga. Programu ikajibu: gurudumu limefungwa. Hesabu je? Kimya. Kumbe Perl ikitafuta methodi huanza kwa mzazi aliyetangulia kwenye @ISA, ile orodha ya wazazi, kisha hupanda ukoo wake wote mpaka juu. Ikiipata huko, mzazi wa pili haulizwi. Haigombi wala haionyi. Siku tatu jirani anatia kufuli magurudumu ya kwenye kompyuta, pesa hazijumlishwi. Nikaitwa mwizi mbele ya watu waliopanga foleni ya kusaga mahindi.

Nikahamia Moose, maktaba ya Perl iliyotolewa na Stevan Little mwaka 2006. Humo mna kitu ninachokiita jukumu. Jukumu si mzazi. Ni kazi unayobebeshwa bila kuwa mtoto wa mtu. Nikaibebesha Bodaboda majukumu mawili kwa mpigo, kila moja na funga yake. Programu ikagoma hata haijaanza: wawili wanagombea jina moja, amua mwenyewe! Nikaandika funga ya klasi yenyewe: kwanza hesabu, kisha kufuli. Ni ukali, lakini ukali wa asubuhi, kabla hela haijapotea.

Tena jukumu lina masharti. Linaweza kusema: anayenibeba lazima awe na methodi ya toa_hela. Huna? Hubebeshwi, na unatajiwa kilichopungua.

Nikasema huu ndio utu! Jumapili nikaupeleka kwenye kikao cha ukoo, maana mimi ndiye kaka mkubwa, mweka hazina wa misiba na msimamizi wa harusi ya binamu kule Sumbawanga. Majukumu yote matatu yanadai toa_hela, na methodi hiyo sina. Kwa hiyo, wazee wangu, kwa kanuni sibebesheki.

Baba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta jasho.

"Umeongea vizuri, mwanangu. Sasa uza ile baiskeli."