Namna ya Kufika Lushoto Peke Yako Ukitokea Mbagala

Tangazo la mafungo huwa fupi: tukutane Lushoto Ijumaa jioni, njoo na Biblia, shuka na sweta. Halisemi neno juu ya mtu wa Mbagala Rangi Tatu, Chamazi au Kongowe, ambaye Kosta ya kikundi haitampitia na lazima ajipeleke mwenyewe. Mwongozo huu ni wake. Jambo la kwanza alijue mapema: kupanda mlima si kazi. Kazi ni Barabara ya Mandela.

Mabasi ya mikoani yalihama Ubungo mwaka 2021 yakaenda Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Mtu wa Kimara alisogezewa stendi mlangoni. Mtu wa Temeke anakata jiji zima: Barabara ya Kilwa, kisha Mandela pamoja na malori ya makontena yanayotoka bandarini, TAZARA, Buguruni, Ubungo, halafu Barabara ya Morogoro mpaka Mbezi. Jirani atakuambia alfajiri hakuna foleni. Mpende jirani yako, lakini kwa hilo usimsikilize.

Basi likiondoka saa 12 asubuhi, una njia mbili. Kupanda bodaboda saa 9 usiku, begi mapajani, katikati ya malori, siikubali hata kidogo. Kama lazima utoke usiku huo, chukua bajaji ya dereva unayemfahamu na uache namba yake nyumbani. Njia ya pili ndiyo ninayoisimamia: ondoka siku moja kabla, ukalale kwa shangazi Kimara.

Si lazima awe shangazi. Wengi wetu tuna binamu, mama mdogo au mtu wa kijijini kwetu kati ya Kimara na Kibamba. Ila kulala kwa ndugu kuna taratibu zake. Piga simu siku mbili kabla, si ukiwa umeshafika Ubungo. Usiende mikono mitupu: sukari na mkate, na mfuko ukiruhusu, nyama. Ukifika, shikamoo kwanza, begi baadaye. Atakuuliza habari za ndugu mmoja mmoja, wakiwemo uliowasahau. Mjibu zote na simu iwe chini, maana pengine wewe ndiye mtu wa kwanza wa ukoo kuingia mlango ule tangu msiba wa mwisho. Alfajiri atakuwa ameamka kabla yako na chai iko mezani. Kunywa. Atamwamsha binamu yako akusindikize kituoni gizani. Kubali hilo pia. Wasafiri wa peke yao hupenda kukataa kusindikizwa, wakidhani wanawapunguzia watu usumbufu. Lakini aliyekusindikiza atakupigia saa 10 jioni kuuliza kama umefika, na kila anayesafiri peke yake anastahili simu hiyo.

Wa Bunju na Tegeta, huko Kinondoni, waulize ofisi ya basi kabla ya kukata tiketi. Yapo mabasi ya kaskazini yanayopita Bagamoyo na kuikuta barabara kuu Msata; ukipata hilo, Mbezi huihitaji.

Stendi, tiketi iwe imeshakatwa na jina lako liwe juu yake. Mpiga debe akikushika mkono mwambie, "Ahsante kaka, nimeshakata," huku unatembea. Siti omba ya dirishani, upande wa kulia. Kuanzia Chalinze jua la asubuhi litakuunguza, na hapo kitenge ndipo kinapofanya kazi ya pazia. Vumilia mpaka Korogwe, kwa sababu baada ya hapo milima ya Usambara inajitokeza upande huohuo, na wa kushoto watakuwa wanachungulia juu ya bega lako.

Msalimie wa siti ya pili kabla gari halijatoka stendi. Siyo adabu tu. Basi likisimama watu wakachimbe dawa, yeye ndiye atakayemwambia konda, "Subiri, mwenzangu bado."

Na dereva akikimbiza gari, sema. Kikomo cha basi ni kilomita 80 kwa saa. Mtu akiwa peke yake hujiona mgeni ndani ya gari, akanyamaza, akaomba kimoyomoyo. Omba, lakini pia mwite konda, na namba ya kupiga LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, iwe kwenye simu yako tangu nyumbani. Mara nyingi sauti moja ikitoka, basi zima linaitikia.

Korogwe usile chipsi mayai. Mombo ukishushwa, Noah na Kosta za Lushoto zinasubiri, na zilizobaki ni kama kilomita 33 za kona tupu. Kaa mbele, tafuna tangawizi, tazama mbali. Soni maporomoko yako karibu na barabara, na msimu ukiwepo utauziwa matunda damu na mapeasi dirishani. Nunua ya kutosha kikundi.

Sweta liwe limeshanunuliwa Tandika, kwenye mitumba, na kuanzia Juni hadi Agosti yawe mawili. Mtu wa Mbagala aliyezoea kulala na feni hajui baridi ya Lushoto mpaka saa 2 usiku.

Sasa neno kwa waandaaji. Si mbali na Soni iko Vugha, yalikokuwa makao ya Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara. Mmisionari Krapf alifika kwake mwaka 1848, kwa miguu. Siku hizi tunafika kwa siku moja, na labda ndiyo maana ratiba inatuwekea mada ya kwanza saa 11 jioni ileile ya kufika. Aliyetoka mjini na Kosta ataiweza. Aliyeamka alfajiri kwa shangazi atasinzia mstari wa mbele, na watu watasema hana moyo wa mafungo. Moyo anao, ameshapita Mandela, Chalinze na kona za Soni ili awe nanyi. Kwake mafungo yalianza alipofunga begi. Jioni hiyo mpeni supu, maji ya moto na blanketi la pili. Mada ianze kesho saa 3.