Hundi ya Babu wa Watu

Hapa Issuna, mkoani Singida, karatasi ina kazi zake zinazojulikana. Inawasha moto, inafungia karanga, na ikiwa na muhuri wa kijiji inamaliza ugomvi wa mpaka wa shamba. Karatasi isiyofanya hata moja kati ya hizo, ikakaa tu ndani ya plastiki na kutazamwa jioni kwa tochi, inawatia watu wasiwasi. Mimi ninazo za namna hiyo sanduku zima.

Ninakusanya pesa zilizokufa: noti zilizofutwa, hundi zilizokwisha kulipwa, risiti za kodi ambayo haidaiwi tena, vitabu vya akiba vya Posta ambavyo wenyewe hawapo. Mke wangu akiulizwa mumewe anashughulika na nini siku hizi, hujibu kwamba anafuga mende. Si uongo mtupu. Mende wanalipenda sanduku lile kuliko kabati la vyombo.

Ugonjwa huu niliuokota kwa Wamarekani. Kule wapo watu wazima, wenye akili zao na magari yao, wanaokusanya hundi za enzi za machimbo ya magharibi: hundi zenye jina la Wells Fargo, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1852 na kuvuma kwa kusafirisha dhahabu kwa magari ya farasi, au za Virginia City kule Nevada, ambako madini ya fedha yaligunduliwa mwaka 1859. Nyingi zina stempu ya senti 2, kwa sababu serikali yao ilipotafuta fedha za kupigania vita vya wenyewe kwa wenyewe, kodi ilifika mpaka kwenye hundi. Aliyeandika hundi amekufa, aliyelipwa amekufa, miji mingine imebaki upepo na milango inayogonga, lakini hundi iko ukutani ndani ya fremu, na mwenye nayo anawaita wageni waje kuiona. Ukiniita mimi mgeni kwako ukanionyesha karatasi badala ya wali, tutaelewana. Majirani zangu hawako hivyo.

Nasi tuna magharibi yetu, na haiko mbali na hapa. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari za Uingereza ziliziba pwani, na Deutsch-Ostafrikanische Bank, benki ya koloni la Wajerumani iliyoanzishwa mwaka 1905, ikaishiwa noti, maana noti zake zilikuwa zinachapwa Ujerumani. Kuanzia Machi 1915 ikawa inachapa noti za muda humu humu, Dar es Salaam na baadaye Tabora, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, nyingine ile nzito ya kufungashia mizigo. Zikasainiwa kwa mkono, moja moja. Mwaka 1917, jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck likiwa linarudi nyuma kuelekea kusini, zilitoka noti zilizopigwa kwa herufi za mpira, kama risiti za duka la mangi. Na dhahabu ya Sekenke, kule Iramba, mkoani kwetu humu humu, iligongwa mwaka 1916 kuwa sarafu za rupia 15 zenye tembo upande mmoja, katika karakana ya reli karibu na Tabora, kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba mwaka huo huo.

Ninayo noti moja ya rupia 1 ya wakati ule. Si adimu, zilichapwa nyingi mno. Tatizo ni kwamba neno Mjerumani, kwa mkoa wetu, si la kutamkwa hadharani na mtu anayependa kulala usingizi. Kila mtu anajua Mjerumani alipokimbia aliacha mali, na kwamba mali hiyo iko chini ya jiwe. Singida kwa mawe hatujapungukiwa. Kila jiwe kubwa lina mzee wake anayeapa kwamba babu yake aliwaona wakizika masanduku usiku, halafu wapagazi hawakuonekana tena.

Basi habari ya noti yangu ikasafiri, na jioni moja wakaja mabwana wawili kwa bodaboda, mmoja amevaa koti la suti juu ya bukta. Hawakutaka chai. Walitaka ramani. Nikawaambia sina ramani, nina noti. Wakatazamana kwa namna ya watu waliotegemea kudanganywa na kweli wakadanganywa. Noti wakaitaka waione, wakaigeuza, wakainusa, na namba yake wakaisoma kuwa idadi ya hatua. Saini nayo ikawa njia ya mto uliokauka. Kisha wakatoa kwenye gunia kifaa chenye sahani na waya, wakazunguka nacho uani, na nyuma ya jiko kikalia.

Masharti yao yalikuwa rahisi. Mwenye kiwanja angepata asilimia 30, na asingemwambia mtu, hata mke. (Mke alikuwa amesimama dirishani anasonga ugali.) Sasa, mimi nilikuwa na shida ya shimo la choo. Mchimbaji alinitajia bei ambayo ingetosha kujenga choo kizima. Nikawaomba mabwana wajaribu pia upande wa mwarobaini, mbali na jiko, ambako kwa maoni yangu Mjerumani angependelea kivuli. Kifaa kikalia na huko. Kilikuwa kifaa cha moyo mweupe, kinalia popote kinapoombwa. Walichimba usiku kucha kwa zamu, kuta zimenyooka, udongo wameulundika vizuri pembeni. Alfajiri walikuwa wamefika kifuani na mkononi wana rimu ya baiskeli na nusu ya jembe. Waliondoka bila kuaga. Choo tunakitumia mpaka leo.

Kuna mzee mmoja, kijiji cha pili, ambaye nimemfuata mara nyingi kuliko nilivyomfuata mkwe wangu wakati wa mahari. Ana kopo la siagi lililojaa risiti za kodi ya kichwa, ile ambayo rasmi iliitwa kodi ya maendeleo. Vijana wa leo hawaijui adha yake. Mwanamume bila risiti hakutembea kwa raha. Mgambo wakitokea kona ya sokoni, wanaume wazima waliingia kwenye mashamba ya mtama kwa kasi ambayo hata kanga wangeionea wivu. Serikali iliifuta mwaka 2003. Nimemweleza mzee kwamba risiti zile sasa hazina kazi, na kwamba niko tayari kuzinunua kwa bei nzuri.

"Imefutwa," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na aliyeifuta yupo?"

Nikamwambia serikali ipo siku zote.

"Basi ikikumbuka?"

Akafunga kopo. Kila nikienda ananionyesha moja tu, anaishika mwenyewe kwa ncha za vidole, na ananiuliza kama yangu ya mwaka ule ninayo. Sina. Mwaka ule nilikuwa mtoto. Anatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

Kisha ikaja Januari 2025. Benki Kuu ilikuwa imetangaza kwamba noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000, pamoja na ile ya 500 ya mwaka 2010, zitabadilishwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025, na baada ya hapo basi. Kwa mkusanyaji wa noti hilo ni tangazo la furaha. Pesa inapofutwa rasmi ndipo inapoingia sandukuni kwa heshima zote. Nilikuwa nimezipanga tayari kwenye albamu, moja moja kwa ukubwa wake, kuanzia ya shilingi 20 yenye picha ya Mzee Mwinyi, noti iliyonitesa kuipata ikiwa haina kunyanzi, mpaka ya 5,000. Ya 10,000 tu ndiyo ilikuwa bado.

Ninaishi na shangazi yangu, na shangazi ni mtu wa kusaidia. Sijui kasoro yake nyingine. Anasikiliza redio kuanzia sala ya asubuhi mpaka taarifa ya habari ya usiku, na redio ilisema Watanzania wote wenye noti za zamani wasisubiri siku ya mwisho. Nikiwa mnadani kuuza mbuzi, shangazi akachukua albamu, akapanda basi mpaka Singida mjini, akapanga foleni benki.

Nilipofika nyumbani alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, na pembeni yake kuna kilo ya sukari.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuokolea hela zako."

Alikuwa amepewa 8,720. Nauli ya kwenda na kurudi ilimeza sehemu, sukari ikameza nyingine, na kilichobaki alikifunga kwenye pindo la khanga akanipa kwa mikono miwili. Mwanamke wa miaka yake, ametoka juani, amesimama foleni kwa ajili yangu. Nikasema ahsante. Nikasema tena ahsante. Mke wangu alikuwa ameingia ndani, na nilisikia kupitia ukutani kwamba anacheka mpaka kikohozi.

Shangazi hakuwa amemaliza. Alikuwa na lalamiko. Kijana wa dirishani alizikataa baadhi: noti ya shilingi 5 ya mwaka 1966, mwaka ambao Benki Kuu yenyewe ilifungua milango, na ile rupia ya Mjerumani. Alivyonisimulia, kijana aliwaita wenzake wakaja kuitazama rupia, mmoja akaipiga picha kwa simu, ila hela hawakutoa. Shangazi akawaeleza kwamba deni likikaa sana ndiyo linazaa zaidi, kwa hiyo ya Mjerumani ilistahili kulipwa kwanza. Wakamwita mama, wakampa kiti. Na hicho ndicho kilichomuudhi: alikipokea kiti akijua kuwa mtu akikupa kiti hakupi hela.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya hundi.

Hundi hiyo ni ya Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ile iliyozaliwa Februari 1967 siku chache baada ya Azimio la Arusha, mabenki binafsi yalipotaifishwa. Imeandikwa mwaka 1972, shilingi 420, malipo ya ng'ombe. Niliikuta kwenye rundo la makaratasi ya kufungia karanga, nikanunua karanga zote. Ina mwandiko wa wino wa bluu, mzuri, wa mtu aliyechapwa viboko na mwalimu wa hati, na juu yake muhuri unaoonyesha kuwa imelipwa. Jina la mlipwaji sitaliandika hapa. Mjomba wangu, yeye, alilitaja kilabuni.

Wajukuu wa mlipwaji walifika Jumapili baada ya ibada, ukoo mzima, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji ili mambo yawe halali. Wakakaa kivulini. Mkubwa wao akaanza kwa upole.

"Tumesikia unayo hundi ya babu yetu."

"Ninayo. Lakini ilishalipwa, kaka. Muhuri huu hapa."

"Kama ililipwa, imefikaje kwako?"

Nikaeleza kwamba benki zikishalipa hubaki na hundi, na makaratasi yakizeeka hutupwa.

"Benki itupe hela?"

"Si hela tena. Ni karatasi."

"Kama ni karatasi tu," akasema, "tupe."

Nimewahi kusikia mawakili, na hakuna aliyenifunga mdomo hivyo. Na walikuwa na hazina nyingine: binti wa ukoo anayesomea uhasibu. Akatoa simu. Akaeleza kwamba mwaka 1972 dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti kadhaa, kwa hiyo babu alikuwa na dola zaidi ya 58, na dola 58 kwa leo ni karibu laki na nusu. Hiyo, akasema, ni kabla ya riba. Akaanza kupiga riba ya mwaka hadi mwaka, na kwa kila mguso wa kidole ukoo ulisogeza viti mbele. Nikaiomba simu. Alikuwa ametumia asilimia ambayo hata wakopeshaji wa mtaani wangeona aibu.

Mwenyekiti ndiye aliyetuokoa. Aliinua hundi juani, akasoma muhuri kwa sauti, akatamka kwamba babu alilipwa na ng'ombe alikwenda, hivyo deni hakuna. Ukoo ukanuna. Ila, akaendelea, huyu bwana amekuwa akimtazama babu wa watu kila jioni kwa tochi bila kuomba ruhusa kwa familia, na hilo lina gharama yake. Akanitoza jogoo.

Nikatoa jogoo. Hundi ikabaki kwangu. Mwenyekiti akaandika hati ya makubaliano kwa mkono, akaeleza humo ng'ombe, shilingi 420, muhuri, jogoo na rangi yake, na kwamba kizazi chote cha marehemu hakitadai tena. Wajukuu wakapiga dole gumba mmoja baada ya mwingine kwa wino wa zambarau, mhasibu akasaini kwa kalamu, shangazi akasaini kama shahidi, na muhuri wa kitongoji ukashuka juu ya vyote. Sijapata kuona karatasi nzuri kama ile. Nikanyoosha mkono.

Mwenyekiti akaikunja, akaitia mfukoni. Hati ni mali ya ofisi, akasema. Nimemfuata nyumbani kumweleza kuwa niko tayari kuinunua. Alianza na elfu tano, sasa amefika elfu kumi na tano, na kila nikimsalimia ananikumbusha kwamba yeye hana haraka.