Jinsi ya Kununua Shangingi la Kuvuta Tela Bila Kumtajirisha Fundi

Usianze na gari. Anza na tela. Wanunuzi wengi wa mashangingi yaliyotumika hufanya kinyume: wanaiona Prado nyeupe imepigwa polishi kando ya Barabara ya Morogoro pale Maili Moja, moyo unaruka, fedha zinatoka, halafu ndipo wanakumbuka kwamba walikuwa wanatafuta gari la kupeleka maji shambani Maneromango. Ulaya watu huvuta karavani, nyumba nzima yenye kitanda na jiko, wakienda likizo. Kwetu Kibaha na Kisarawe tunavuta mihogo, matofali, mizinga ya nyuki, mbuzi na, kuliko vyote, maji. Hesabu ni ileile, na anayeikosea huijua siku anaposhuka mlima.

Hesabu yenyewe si ngumu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tenki la lita 2,000 ni tani 2 kabla hujaweka uzito wa tela lenyewe, chuma, ekseli na matairi. Ukijumlisha vyote unakaribia tani 2 na nusu. Suzuki Escudo, gari zuri la kwendea msibani Mlandizi na kurudi, halikuundwa kuvuta mzigo huo. Prado nyingi za dizeli zinacheza kati ya tani 2 na nusu na 3, na Land Rover Defender imeidhinishwa hadi tani 3 na nusu. Lakini hapo pana sharti ambalo dalali hatakutajia: takwimu hizo ni za tela lenye breki zake. Kwa tela lisilo na breki, sheria za Ulaya zinaishia kilo 750. Tela lililochomelewa gereji ya mtaani mara nyingi halina breki hata moja, na wenyewe tunalipakia mpaka springi zinapinda upande wa pili.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "linavuta kiasi gani?" Karibu kila gari la dizeli lenye gia nzito litavuta. Uliza linasimamaje. Ukitoka Kisarawe mjini kushuka kuelekea Pugu, tani 2 za maji zipo nyuma yako zinakusukuma, na zikiwa kwenye tenki lililojaa nusu zinakwenda mbele na nyuma kila unapogusa breki. Ndiyo maana tenki lijazwe pomoni au litolewe maji yote, au fundi aliwekee vizuizi ndani. Na ndiyo maana gari unalolikagua ulishushe mlima ukiwa umeingiza gia ndogo, injini ikishika mwendo, kisha ukanyage breki kwa nguvu mara kadhaa. Pedali ikianza kuzama au usukani ukitetemeka, hiyo ni bei ya kupunguza kabla ya jambo jingine lolote.

Sasa injini, na hapa nina upendeleo wangu na siuombei radhi. Land Cruiser ile tunayoiita mkonga, yenye injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, bila tabo, ndilo gari la kuvutia tela kuliko yote yaliyofika nchi hii. Haina mbio. Atakupita mtu wa Noah akikushangaa. Lakini kila fundi kuanzia Kwa Mathias hadi Masaki ya Kisarawe anaijua, na vipuri vyake havikosekani. Tatizo ni bei, kwa sababu wanaoijua thamani yake ni wengi na hakuna anayeiachia kirahisi.

Wengi basi hushukia Prado au Surf yenye 1KZ-TE, ya lita 3 yenye tabo. Nayo ni injini nzuri, ila haisamehe kuchemsha. Ikichemsha, silinda hedi hupasuka, na mzigo mzito mlimani ndio unaoichemsha. Jinsi ya kuikagua: mwambie muuzaji unafika saa 3, halafu uwe getini saa 1 na nusu. Gusa boneti. Kama ni ya moto, mtu amekwishaiwasha ili ushindwe kuona inavyoamka. Rudi kesho. Ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta, washa, tazama. Mapovu yanayopanda bila kukoma ni hewa ya silinda inayovuja kuingia kwenye maji. Kisha fungua kifuniko cha oili. Ukikuta ute mweupe kama maziwa, mshukuru muuzaji kwa muda wake, uondoke.

Nissan Patrol? Yenye TD42 ichukue ukiipata. Yenye ZD30 mwachie mwenye moyo wa kubahatisha. Kama giaboksi ni ya otomatiki, chomoa kijiti cha oili yake: ikiwa nyekundu safi, endelea; ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, gari limekwisha kuvuta tela la mtu mwingine kupita uwezo wake.

Defender ya zamani inataka ukurasa wake. Bodi yake ni ya alumini, haili kutu nyekundu, kwa hiyo hung'aa miaka yote huku chasisi ya chuma chini yake ikioza. Lala chini. Beba nyundo ndogo na ugonge chasisi kuanzia mbele hadi ule upau wa nyuma kabisa, maana tela litaning'inia hapo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Ukikuta chasisi ya gari lolote imepakwa rangi nyeusi mbichi wiki uliyokuja kuangalia, gonga mara mbili zaidi. Chuma cha kuvutia tela nacho kiwe kimefungwa kwa bolti kwenye chasisi. Nimeona vilivyochomelewa kwenye bampa, na kuna familia zinazotembea nyuma ya magari hayo barabarani.

Muuzaji atakuambia, "Bosi, hii ni namba D, haijaguswa, alikuwa anaendesha mama mmoja ofisini na kanisani tu." Namba D inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, haikuambii lilitengenezwa lini wala lilitumikaje Japani. Mwaka wake utafute kwenye kadi na kwenye namba ya chasisi, na vyote viwili vifanane. Angalia pia faini za trafiki zinazodaiwa kwa namba hiyo, kwa kuwa ukishalichukua gari ni wewe utakayesimamishwa nalo. Tela linasajiliwa kivyake. Na kama safari zako zitavuka Ruvu kuelekea Chalinze, jua kwamba sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inahusu magari yanayoanzia tani 3 na nusu, mzigo ndani yake, na mizani ya Vigwaza ipo njiani.

Muuzaji atataka mjaribu gari kwenye njia nane za Kimara hadi Kibaha. Lami laini namna ile haimuumbui mtu. Mpeleke Mlandizi, mkate kushoto, mpite Mzenga mpaka Maneromango. Kwenye mchanga ingiza difu ya mbele usikie kama inashika kweli, kisha gia nzito. Usiipime kwenye lami kavu, utaiumiza bure. Masika yakiwa yameanza, tope jeusi la bonde la Ruvu litakuonyesha mengine ambayo mchanga hauonyeshi.

Na kabla ya kulipa, fungeni tela lako lenye mzigo wako halisi. Panga mzigo ili sehemu moja kati ya 20 hadi moja kati ya 10 ya uzito wote ielemee ndoano. Mzigo ukikaa nyuma sana, tela huanza kuyumba kwenye kasi na kulipeleka gari linakotaka. Mwenye gari aendeshe, wewe kaa pembeni uangalie geji ya joto mpaka juu ya mlima. Akikataa kufunga tela, fedha zibaki mfukoni, na kiasi kidogo kati ya hizo umpelekee fundi akaanze kuliwekea tela breki.