Pilau ya Saa Sita Usiku

Kwa mchango wa laki moja nilipewa kadi ya dabo, meza jirani na choo, na paja moja la kuku. Hilo paja nalo nililipigania. Kwenye kumbi zetu za Dar es Salaam wali unajipakulia mwenyewe mpaka sahani ielemewe, lakini kwenye nyama anasimama binti mwenye koleo na macho ya trafiki. Ukirudi mara ya pili anakuuliza, "Baba, si ulishapita?" kwa sauti inayowafikia maharusi.

Sasa niambieni kwa nini saa sita usiku, mshereheshaji akitutimua, nilikuta nyuma ya ukumbi ndoo tatu za pilau zinamwagwa. Pilau tupu. Sijawahi kuona kuku akibaki harusini. Kinachobaki ni wali, siku zote wali, maana wageni mia tatu hupikiwa kama mia nne. Kamati inaogopa aibu ya chakula kuisha kuliko inavyoogopa deni la ukumbi.

Nikamfuata mpishi. Kwa nini wasipewe walinzi na vijana wa bodaboda waliokesha pale nje?

"Mzee wangu, hii imeiva saa kumi jioni," akanijibu kwa upole unaoudhi. "Ina masaa manane kwenye joto hili. Mtu akiharisha, polisi tutaenda wote?"

Basi itoke saa nne, nikamwambia, foleni ikiisha tu.

"Saa nne kamati inakuwa haijala."

Zamani kazi hii ilikuwa na mwenyewe: shangazi. Kila ukoo ulikuwa na shangazi mwenye Rambo tatu mkobani, na kesho yake nyumba nne zilikunywa chai kwa kiporo cha harusi. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku. Niliunga mkono, mitaro ilikuwa imeziba. Ila shangazi akastaafu siku hiyohiyo. Mfuko wa kitambaa haubebi mchuzi.

Nililala nimefura. Asubuhi nikamsomea mke wangu, kutoka kwenye simu, ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024: mwaka 2022 dunia ilitupa zaidi ya tani bilioni moja za chakula. Nikapandisha sauti. Mahoteli hayo! Kumbi hizo! Kamati hizo!

Akanipokonya simu, akateremka mistari miwili: asilimia 60 ilitupwa majumbani.

Hakusema kitu. Alikwenda kwenye friji, akatoa bakuli la maharage ambayo Jumatatu niliagiza yasiguswe na mtu, nitayala mwenyewe. Ilikuwa Jumapili. Akafunua, akanusa, akageuza uso pembeni, akalisogeza mbele yangu.

"Haya, bwana Umoja wa Mataifa. Chapati ziko jikoni."