Ploti C Imeungua

Jumatatu
Dereva amechomoa ukurasa wa michezo kwenye rundo la magazeti tunayobania sampuli. Ni gazeti la Machi, kuna habari ya Simba na Yanga, na anasema wakati ule hakuwahi kuimaliza. Majani yaliyokuwa ndani ameyatia kwenye droo ya gari, ya mtundu pamoja na ya muyombo, yasipotee. Yote ni ya jenasi Brachystegia. Kuyatenganisha si tabu: mtundu una vijani vichache vipana, jozi nne hivi, na muyombo una jozi nyingi nyembamba. Tabu ni kwamba miti ya jenasi hii huzaa machotara, na kulikuwa na moja nililotaka kulipeleka Arusha likaangaliwe. Sasa liko droo moja na wazazi wake, halina namba.

Dereva anasema habari yenyewe haikuwa na lolote.

Jumanne
Fulana za mradi zimefika Sikonge. Ni za bluu iliyokolea, nembo ya mfadhili kifuani. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi, maana ndizo rangi zinazowavuta. Suruali zetu ni nyeusi. Tumefanya kazi mpaka saa nne asubuhi.

Mzee anayetuongoza alisema fulana inambana. Hakuwa ameijaribu.

Huyu Mzee ndiye anayebeba utafiti wote, ingawa kwenye bajeti ameandikwa "kibarua". Mimi nilifundishwa kuutambua mti kwa maua na matunda yake. Kiangazi hiki mingi haina hata jani. Mzee huchanja gome kidogo kwa panga, hunusa, hutaja jina, husonga mbele. Mninga hauhitaji kunuswa. Utomvu wake mwekundu unamaliza mjadala. Mimi nafuata nyuma na daftari, naandika Pterocarpus angolensis.

Jumatano
Ploti C imeungua. Ploti C ndiyo ile ya kutochomwa.

Kazi hii si ngeni. Mwaka 1933 Colin Trapnell alianzisha ploti huko Ndola, Zambia ya leo: nyingine zikichomwa mapema kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu, nyingine zikichomwa mwishoni, kila kitu kikiwa kimekauka, na nyingine zisiguswe na moto kabisa. Miaka ilipopita, zile za moto wa mwishoni zilielekea kuwa mbuga ya nyasi na machipukizi, na zisizoguswa zikafungamana kuwa msitu. Sisi tunataka kuona mambo yakoje upande huu.

Aliyechoma ni kijana mlina asali. Mwenge ulimponyoka akiwa juu ya mti, nyuki wakimshughulikia. Jioni alikuja mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Pole na moto."

"Marahaba, mwanangu. Pole na nyuki."

Jicho moja lilikuwa limefumba. Ameleta dumu la asali, nayo ni nzuri, ya maua ya mtundu. Ploti C nimeihamishia kundi la "zilizochomwa mwishoni mwa kiangazi". Kundi hilo lilikuwa na upungufu wa ploti.

Alhamisi
Gari letu ni la kijani, na ndicho chanzo cha yote. Vijana wawili waliokuwa wakisukuma baiskeli za mkaa walituona kwenye kona, wakadhani ni Bwana Misitu, wakaingia porini. Baiskeli na magunia wakatuachia.

Kwa kuwa mkaa ulikuwepo, niliukagua kwa kioo cha kukuzia. Mtondoro. Nilikuwa bado nimechuchumaa juu ya gunia, mikono myeusi, alipotokea Bwana Misitu mwenyewe kwa pikipiki. Akaniomba hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Nikampa kibali cha utafiti. Alikisoma chote, pamoja na anwani. Kibali kinaniruhusu kuchukua "majani, maua, matunda na sehemu nyingine za mti kwa uchunguzi". Akauliza kama mkaa ni sehemu ya mti. Swali si baya, na tulilijadili mpaka kivuli kikahama. Mwishowe magunia yameandikwa kuwa yamekamatwa, nami nimeandikwa kuwa ndiye niliyekutwa nayo.

Usiku mwenye baiskeli mmoja alibisha hodi kuuliza kama bado tunaitumia.

Sampuli za leo nimezikausha juu ya jiko, kwa sababu umeme hakuna. Mkaa nimeununua kwa mama ntilie. Nao ni mtondoro.

Ijumaa
Mtandao unapatikana juu ya kichuguu tu, kile kikubwa nyuma ya shule. Shangazi amepiga nikiwa kileleni.

"Bado unahesabu miti?"

"Bado, shangazi."

"Ikiisha?"

Nilimweleza kwamba inakua, kwa hiyo inabidi kuihesabu tena. Akanyamaza, kisha akaniambia binamu yangu amepandishwa cheo benki. Mche wa mninga hufa juu kila kiangazi na kuchipua upya, mwaka baada ya mwaka, huku mzizi ukinenepa chini kabla shina halijasimama. Sikumweleza hilo. Mkataba wangu unaisha Desemba.

Mitundu imeanza kutoa majani mapya, mekundu, na mvua bado. Huwa yanaitangulia. Ratiba ya mradi inasema yatatoka baada ya mvua, iliandikwa mjini.

Jumamosi
Fundi seremala aliazima futi yangu ya kupimia miti ili atengeneze madirisha ya nyumba ya mwalimu mkuu. Futi hiyo huzungushwa kwenye shina na kusoma kipenyo moja kwa moja, maana kila "sentimita" yake imezidishwa kwa pai. Ni zaidi ya tatu za kawaida. Fundi alipima ukuta kwa futi hiyo, akakata fremu kwa futi hiyo, na kila kitu kimeingia sawasawa. Kisha akaagiza vioo mjini, upana 30. Vimefika. Kila kimoja kinatosha kufunika daftari.

Nilimchorea duara mchangani. Akalitazama, akasema kosa ni la wakata vioo, na akaomba futi ibaki kwake, kwa sababu vipimo vyote vya nyumba sasa viko humo.

Kwenye ripoti nimeiandika kama mchango kwa jamii. Mfadhili ana safu yake kwa mambo hayo, na mpaka leo ilikuwa tupu.