Sifa za Gari Linalopendwa na Wezi

Gari ambalo halijawahi kuibiwa hata taa ya nyuma lina ila, na mwenyewe aitafute ila hiyo kabla hajajisifu. Mimi nakaa Lweba, Fizi, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya taifa namba 5, Ziwa Tanganyika chini, milima ya Wabembe juu, na ninamiliki Land Cruiser kuukuu ambalo wezi wote kati ya Uvira na Misisi wameshaliona na baadhi yao wameshaliendesha. Watu hunipa pole. Nimechoka kupewa pole. Gari hili linastahili kusifiwa hadharani, na kwa kuwa hakuna wa kulisifu ila mimi na wezi, na wezi kwa kazi yao hawapendi mambo ya hadharani, acha niseme mimi.

Nianze na wezi wenyewe, maana wanaonewa. Muuzaji atakwambia gari ni zima, mnunuzi atakwambia ni bovu, fundi atakwambia ni zima likiwa kwake na bovu likiwa kwako. Wote hao wanasema kwa ajili ya mfuko. Mwizi peke yake ndiye anayeweka mwili rehani: akichagua vibaya hakosi faida tu, anakutana na vijana wa mtaa. Mtu wa namna hiyo akiruka ukuta wako usiku wa mvua, umepewa hati ya ubora ambayo hakuna ofisi iwezayo kuitoa. Wala huu si ushamba wetu wa Fizi. Japani kwenyewe, gari hili linakotoka, Land Cruiser limeongoza orodha za magari yanayoibwa miaka ya karibuni. Uingereza nako, kiwanda cha Solihull kilipotoa Land Rover Defender ya mwisho ya muundo wa zamani tarehe 29 Januari 2016, wezi hawakukaa matanga. Walizifuata zile zilizobaki, nzima zikipatikana, zisipopatikana mlango kwa mlango.

Langu ni la ule ukoo wa 40, wenye taa mbili za duara na uso wa kushangaa. Toyota walitengeneza gari lao la kwanza la namna hiyo mwaka 1951, wakaliita Land Cruiser mwaka 1954, na ukoo wa 40 ukatoka kiwandani tangu 1960 hadi 1984, ukarithiwa na ule wa 70 ambao mashirika yanayokuja kwetu yanashuka nao mpaka leo. Huko Marekani gari la rika la langu, likinyooshwa vizuri, linauzwa makumi ya maelfu ya dola. Mwenye nalo analijengea chumba, analifunika shuka, Jumapili analitoa nje kidogo, kisha analirudisha. Nimeziona picha. Sikuona muhogo hata mmoja. Langu limebeba mihogo, saruji, magunia ya ndagala, mabati ya kanisa, ndugu wa bwana harusi na wa bibi harusi wakiwa hawasemezani, na maiti ambayo wazee walitaka izikwe Fizi juu mlimani wakati mvua imeshaikata njia. Lile la Marekani ni ndugu yake wa tumbo moja, ila halikubahatika kupata kazi.

Sasa tuseme lipi linalomvuta mwizi. Barabara inayotoka Uvira ni ya udongo, na masika yakiingia kila mto unaoshuka mlimani, Mutambala na wadogo zake wote, unadai ushuru wake. Gari la kisasa likizama humo, kompyuta yake inawasha taa nyekundu na kumsubiri mtaalamu. Mtaalamu yuko wapi? Pengine Bujumbura, pengine Dubai. Langu likizama, fundi anavua shati. Hakuna ufunguo wenye mdudu ndani anayezungumza na injini. Kuna nyundo, waya, kipande cha mpira wa tairi, na sabuni ya mche ya kuziba tangi linalovuja mazuti, basi, safari inaendelea. Hayo yote mwizi naye anayahitaji. Mwizi naye hana mtaalamu. Anataka gari litakalopanda mpaka Kilembwe na kutengenezwa huko na mtu yeyote mwenye spana mbili. Ukinunua gari ambalo mwizi hawezi kuliwasha, umenunua gari ambalo siku moja, porini, saa kumi na moja jioni, na wewe hutaweza.

Kuhusu ufunguo wangu sitasema mengi. Kitasa kimezeeka na kuwa na moyo mpana. Kinapokea ufunguo wa kufuli la duka, mpini wa kijiko, na siku za baridi bisibisi.

Nililinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa amechoka kukesha. Karatasi alizonikabidhi ni za tangu enzi ya Zaire, zimekunjwa hadi mikunjo imekuwa matundu, na kila tundu limemeza jina la mmiliki mmoja. Alinisimulia kwamba Oktoba 1996, waasi wa AFDL walipoingia Uvira, gari lilikuwa tayari limekalishwa juu ya matofali, magurudumu yamezikwa shambani chini ya mihogo. Vita ya pili ilipoanza Agosti 1998 hakukuwa na muda wa kuzika. Likarekizitiwa.

Hapa nisimame kidogo nimtetee mwizi, maana huwa anachanganywa na watu wasio wa daraja lake. Mwizi huja usiku, anatembea kwa vidole, anaona haya. Anayerekiziti huja saa nne asubuhi, anakusalimia kwa jina, anakupa karatasi yenye muhuri, halafu anakuuliza mazuti yako wapi. Mwizi ukimkuta njiani na gari lako atakimbia. Yule mwingine atakusimamisha kwenye barieri na kukuomba karatasi za pikipiki uliyopanda kwenda kulitafuta. Mzee alilipata gari lake baada ya muda mrefu, limepakwa rangi ya majani, limebadilishwa injini, na akaniapia kwamba injini ile mpya ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Haijulikani nani aliibiwa ili mzee afidiwe hivyo.

Tena tukumbuke kwamba milima hii imewahi kujaribiwa bila gari. Aprili 1965 Che Guevara na Wacuba wake walivuka ziwa kutoka Kigoma, wakashukia Kibamba, wakapanda na kushuka kwa miguu miezi saba na mizigo mgongoni, mpaka wakavuka kurudi mwezi wa Novemba. Wanahistoria wameandika sababu nyingi za kushindwa kwao. Siwapingi. Naongeza tu kwamba wangekuwa na Land Cruiser lingeibwa wiki ya kwanza, na angalau wangejuana na wenyeji kwa undani.

Maana hilo ndilo jambo ambalo wasio na gari la kuibwa hawalijui: linakutambulisha kwa watu. Kabla ya kulinunua nilikuwa mtu wa kusalimiwa na kupitwa. Sasa nina mlinzi, na ndugu wa mlinzi, na mchungaji anayeliombea, na mzee wa dawa anayedai maombi peke yake hayatoshi. Najua sauti zote za usiku wa Lweba. Najua mashua ipi imechelewa, mbwa yupi anabweka kwa sababu na yupi kwa mazoea, nani anarudi kwake saa nane akiwa amevua viatu ili mama watoto asisikie. Sijamwambia mtu, ila mwenye viatu mkononi huniamkia kwa heshima sana asubuhi. Nyumbani kwangu mwenyewe kumepatikana mpangilio mpya: nikiegesha gari nang'oa betri na kuilaza chumbani, upande wa ukutani, na mke wangu ameacha kuniuliza ninampenda nani zaidi, kwa sababu jibu anajikwaa nalo kila akiamka.

Lilipoibwa zima kabisa, mchana wa soko, mwizi alishika njia ya Baraka. Hakujua amejitwisha nini. Gari hili linajulikana kila kijiji. Mita chache tu, mama mwenye beseni akanyoosha mkono: "Simama, baba, tumechelewa soko!" Kupita bila kusimama kungeleta maneno, kwa hiyo akasimama. Wakapanda akina mama, wakapanda na kuku, akapanda mwalimu, akapanda shemeji yangu ambaye aliamini nimeajiri shofere na akakaa mbele kumfundisha adabu za barabara. Watu wakilipa nauli, mwizi anapokea, afanyeje? Mimi kwa desturi siweki mazuti mengi kwenye tangi. Nanunua kwa kadhafi, muuza mafuta wa kando ya barabara, chupa kwa chupa, asubuhi ya safari. Kabla ya kuingia mjini injini ikakohoa, ikazima. Mwizi akasema anakwenda kuleta mazuti. Inasemekana alikwenda kwa mwendo wa kasi. Jioni nilipofika na kidumu nilikuta abiria wote wameketi kivulini wakinisubiri, na wawili wakanidai chenji.

Nililipa. Ungefanya nini?

Lakini wezi wa gari zima ni wachache, na kwa maoni yangu ni watu wa tamaa. Wengi wana kiasi: kioo cha pembeni, jeki, tairi la akiba, mazuti ya kunyonya kwa mpira. Vitu hivi haviendi mbali. Kioo changu cha kushoto nimekinunua Baraka sokoni zaidi ya mara moja kwa muuzaji yule yule, ambaye sasa akiniona kwa mbali anakitoa kwenye gunia na kukifuta vumbi. Hatugombani. Tumezoeana, hunipunguzia bei kama mteja wa zamani.

Betri ndiyo inayowindwa kuliko vyote, na anayelijua ziwa anajua sababu. Ndagala huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo: wavuvi wanatandaza mwanga juu ya maji, samaki wanapanda kuufuata, wavu unainuliwa. Zamani ulikuwa mwanga wa karabai. Siku hizi ni taa za LED, nazo zinakula betri. Kwa hiyo mwezi unapoanza kufifia, betri zote za ukanda huu huingiwa na hamu ya safari. Yangu imeshaondoka ikiwa chumbani, kupitia dirishani, mimi nikiwa nimelala karibu nayo. Asubuhi naketi barazani nikiangalia gari lisilowaka, na mama muuza samaki anasimama mlangoni: "Papa, chukua hizi, ni za usiku huu, bado zinang'aa." Nachukua. Mke wangu anasonga bukari, tunakula na watoto, tunashiba. Mwezi ukishajaa, wavuvi hupumzika, na kuna asubuhi nimeikuta betri yangu ukumbini, imepanguswa, ina harufu ya samaki. Imechajiwa pia. Mimi mwenyewe sijawahi kuirudisha katika hali ile.

Usiku mmoja wa giza walikuja kunigongea: mke wa jirani yuko kwenye uchungu, mtoto amekaa vibaya, afikishwe hospitali ya Nundu. Betri ilikuwa imekwenda zake. Nilisema kwa sauti, nje, palipokuwa na vijana wamesimama gizani, kwamba gari halina betri. Hakuna aliyejibu. Mmoja akaondoka mbio kuelekea ufukweni, na kabla hatujamaliza kutandika godoro nyuma, amerudi na betri kichwani, maji ya ziwa yanamchuruzika. Hata haikuwa yangu. Ilikuwa kubwa zaidi. Akaifunga nyaya mbili mwenyewe, haraka, bila tochi, kwa mikono iliyolijua boneti langu vizuri mno. Kisha wakasukuma wote. Mtoto alizaliwa salama. Sikumuuliza yule kijana neno, na yeye hakuniuliza betri nitairudisha lini.

Fundi wetu akisikia nalalamika hunikatiza. "Papa, hii gari usiuze," ananiambia kutoka chini yake, ambako ndiko anakoishi. "Ukiuza, wezi wataifuata kwa mwingine, na sisi huku tutabaki bila habari."

Hata hivyo kuna kijana ametoka Misisi na pesa za dhahabu, analitaka, ameuliza bei. Nimemweleza kila kitu ili asije kusema nilimficha. Magurudumu yapo, yote manne. Kioo cha kushoto kiko Baraka, muuzaji anamngojea. Tairi la akiba sina uhakika nalo, ila halijatoka Fizi. Karatasi zipo, asizikunjue kwenye upepo. Betri iko ziwani. Aje mbalamwezi, tuongee bei taa zikiwaka.